DNS ya nyumbani ilipochelewa: nilivyopata mahali penyewe

Hapa Lubumbashi mega ni ghali, na ndiyo sababu niliweka Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyumbani: tangazo lisilopakuliwa halili kifurushi. Ilifanya kazi vizuri, hadi kurasa zilipoanza kusita. Ukurasa unakaa mweupe sekunde moja au mbili, halafu unafunguka wote kwa mkupuo. Mdogo wangu alikuwa akiniita, "Yaya, intaneti ni nzito!", na kabla sijafika kwake imeshapona.

Kusita kwa namna hiyo kunaeleza mengi. Mtandao ukiwa dhaifu, ukurasa huja vipande vipande. Ukikaa kimya kisha ukaja mzima, mara nyingi kilichochelewa ni jibu la DNS, yaani ile hatua ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani. Kwangu hatua hiyo hupitia Pi-hole.

Wengi hushuku kwanza orodha za kuzuia matangazo kwamba ni ndefu mno. Nilipima jina lililozuiwa, jibu likaja papo hapo. Orodha zangu nikaziacha kama zilivyo.

Nikaanza na kipande cha kutoka kompyuta hadi Pi. Jina `pi.hole` hujibiwa na Pi yenyewe bila kutoka nje, kwa hiyo linafaa sana kwa kipimo hiki. Niliandika `dig pi.hole` (`dig` ni amri ya kuuliza DNS) na kutazama mstari wa `Query time`, yaani muda wa kupata jibu: milisekunde 4, halafu 130, halafu 85. Kwa jibu lililomo humu humu ndani ya nyumba, hilo halikubaliki. Pi ilikuwa kwenye Wi-Fi, na Wi-Fi yake husinzia ili kubana umeme. Amri `iw wlan0 set power_save off` ilisaidia, lakini dawa hasa ni waya: niliiunganisha kwenye rauta kwa kebo, na tangu hapo inajibu kwa milisekunde 1 au 2.

Kipande cha pili ndicho kilichokuwa na uzito. Nyuma ya Pi-hole niliweka Unbound, programu ya DNS inayotafuta majibu yenyewe bila kutegemea seva ya kampuni yoyote. Nikaiuliza jina moja mara mbili, `dig @127.0.0.1 -p 5335`. Mara ya kwanza ilizidi milisekunde 1,000. Mara ya pili, 0. Kashe, yaani akiba ya majibu yaliyokwisha kupatikana, basi ilikuwa nzima, shida ilikuwa safari ya kwanza. Unbound huuliza seva za mzizi, zile za juu kabisa kwenye DNS, kisha za `.com`, kisha za mwenye jina, na mara nyingi huambiwa kwamba jina hilo ni lakabu ya jina jingine, ianze tena. Kutoka hapa, nyingi ya hatua hizo huvuka mipaka. Na kashe inakaa kwenye RAM: umeme ukikatika, yote inafutika. Kwetu umeme hukatika hasa jioni, kwa hiyo ukirudi, watu wote wako nyumbani na Unbound haijui jina hata moja.

Nikaelekeza Pi-hole kwa 9.9.9.9, seva ya DNS ya Quad9 iliyo wazi kwa wote. Seva kubwa kama hiyo huulizwa na watu wengi, kwa hiyo majina ya kawaida huwa inayo tayari. Majibu ya kwanza yakashuka hadi chini ya milisekunde 100. Wanaotetea Unbound wana hoja nzito, kwamba hakuna kampuni moja ya DNS inayopelekewa majina yote unayotafuta. Ningekuwa na umeme usiokatika, ningebaki na Unbound na kuwasha `prefetch` (kufanya upya majibu kabla muda wake haujaisha) na `serve-expired` (kutoa jibu la zamani wakati jipya linatafutwa).

Jambo jingine linalowahusu wenye Unbound: Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina saa yenye betri. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, Pi huamka na saa ya zamani, na DNSSEC, ulinzi unaohakiki saini za majibu ya DNS, inaweza kukataa saini halali kwa kuona muda wake haujafika. Kurekebisha saa kunahitaji seva ya muda, na seva hiyo inatafutwa kwa jina, ambalo nalo linasubiri DNS. Iandikie seva ya muda anwani ya namba, mzunguko huo utakatika.