Jinsi nilivyotenganisha Mnium, Plagiomnium na Rhizomnium

Hizi jenasi tatu za kuvumwani (moss, vile vimea vidogo vya kijani vya sehemu zenye unyevu) zilinisumbua kweli, maana kwa macho zote ni vijani vipana vya kijani vinavyopitisha mwanga, na picha za mtandaoni ndo zinakuchanganya zaidi. Kilichosaidia ni kucheki ukingo wa jani tu. Chomoa jani moja lililokomaa, kama limejikunja kwa ukavu liloweshe kwanza lifunguke, afu liangalie kwa lenzi likiwa kwenye mwanga: meno yakikaa mawili mawili kwa kawaida ni Mnium, moja moja ni Plagiomnium, ukingo hauna meno kabisa basi Rhizomnium hiyo. Msumbufu ni Mnium stellare, spishi moja ya Mnium, yeye meno yake ni moja moja, ila hana ule ukanda wa seli ndefu pembeni ya jani ambao Plagiomnium anao, na hapo sasa lenzi haitoshi, tafuta hadubini.