Mjomba aliniuliza kama huyu ni Hasheem mwingine

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa Julai unapeperusha vumbi kwenye uwanja wetu wa kikapu wa saruji hapa Kisasa, mzee mmoja alikuja na mpwa wake. Kijana ana miaka 14. Nilipomsimamisha ukutani akafika mita 1.91. "Shikamoo mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. Mjomba hakutaka maneno mengi: "Mwalimu, mtazame uniambie. Huyu si Hasheem mwingine?"

Swali hilo naulizwa tangu 2009, mwaka ambao Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15, alichaguliwa wa pili, na timu ya Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Urefu wake mita 2.21! Nililia kwa furaha siku ile. Lakini aliyemfuata alikuwa James Harden, na Stephen Curry alisubiri mpaka nafasi ya saba, na hao wawili ndio waliokuja kuwa nyota wakubwa kumzidi. Waliochagua walikuwa na video, madaktari na vipimo vya kila aina. Mimi nina filimbi na mipira minne.

Mpira sikumpa kwanza. Nilitaka miguu: hatua za ubavu kushoto, kulia, geuka, rudi. Mtoto anayerefuka haraka hujikwaa, hilo halinipi shida. Natazama kama anakunja magoti anapokaba. Alikunja kidogo tu. Kisha nikamrushia pasi kumi za nguvu, saba zikamponyoka. Kudaka kunafundishika.

Kilichonigusa kilitokea tulipocheza watatu kwa watatu. Binti yetu wa miaka 13, mfupi, alimpokonya mpira mara mbili kwa njia ileile, akitokea nyuma mkono wa kulia. Mara ya tatu kijana akaweka bega katikati kabla binti hajafika. Hakuna aliyemfundisha, nilikuwa nimenyamaza makusudi, na wenzake nimewakataza kumsemesha. Moyo wangu uliruka.

Na huyo binti! Anaona pasi kabla ya wote, na hakuna mjomba aliyewahi kuja kuniuliza habari zake. Hilo linaniuma.

Nikamwambia mzee ukweli: kuhusu unyota siwezi kumwahidi. Amlete Jumanne na Alhamisi mpaka Desemba, alale mapema, na uji wa ulezi usikosekane, maana mwili ule unajengwa. Uso ukamshuka kidogo. Kijana hakutusikia. Alikuwa amerudi uwanjani, anamwomba binti amwonyeshe alivyompokonya.