Kupunguza chumvi na sukari katika nyumba inayokula sinia moja

Karatasi niliyopewa kliniki ilikuwa imeandikwa kana kwamba mtu hula peke yake. Ilinitaka nipunguze chumvi, sukari na mafuta, nile mboga na matunda kila siku, nitembee, kisha nirudi kupimwa. Sikuwa na la kuipinga, kwa sababu presha yangu ilikuwa imefika 152 kwa 96 katika vipimo vilivyorudiwa siku tofauti, na sukari kabla ya kula ilikuwa milimoli 6.4 kwa lita, yaani imevuka 6.1, mpaka wa kawaida, lakini haijafika 7.0, kiwango ambacho daktari angekiita kisukari. Ila mimi ninaishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya wakwe zangu, na chakula changu hutoka katika sufuria ileile inayowalisha watu wanane, na mwenye jiko ni mama mkwe.

Wifi yangu, kwa wema wake, alipendekeza niwe ninapikiwa kando. Nilimshukuru nikakataa. Katika nyumba za kwetu mtu akitengewa sahani yake, wanaomwona huuliza kama anaumwa au amegombana na wenzake, nami sikutaka kuwa mgonjwa wa nyumba ilhali bado nafua, napika na kusomesha watoto Kurani jioni. Isitoshe, magonjwa haya hurithiwa kwa damu na kwa jiko pia: mama mkwe anameza vidonge vya presha tangu kabla sijaolewa, na mume wangu hajawahi kwenda kupimwa kwa hiari yake. Kama chakula kingebadilika, nilitaka kibadilike kwa wote.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho hakipimiki kwa anayekula katika sinia, kwa hiyo nikapima pakiti. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Watu wanane wakitumia gramu 5 kila mmoja watamaliza gramu 40 kwa siku, na pakiti itakaa siku 12 na nusu. Kwa kuwa miongoni mwetu wamo watoto, ambao wanahitaji kiasi kidogo zaidi, na kwa kuwa chumvi nyingine huingia kwa mkate, bajia, ng'onda (samaki aliyekaushwa kwa chumvi) na vile vidonge vya kuungia mchuzi, pakiti ilipaswa kukaa zaidi ya hapo. Yetu ilikuwa haimalizi wiki. Nikaanza kuandika kwa kalamu juu ya kila pakiti tarehe ya kufunguliwa, bila kumwambia mtu yeyote apunguze chochote. Mama mkwe ndiye aliyeuliza zile tarehe ni za nini, na nilipomweleza hesabu yake alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, basi sisi tunakunywa bahari."

Neno lile lilikuwa lake, si langu, na nadhani ndilo lililofungua mlango. Kama ningelisema mimi, lingekuwa lawama ya mkwe kwa mkono uliomlea mume wake. Kwa kuwa alilisema yeye, tulikaa jikoni tukatafuta njia pamoja. Vidonge vya mchuzi viliondoka kwanza, kwani yeye hakuvikuta kwa mama yake. Ng'onda tukawa tunamloweka usiku kucha na kubadilisha maji kabla ya kumpika, na mchuzi wake hautiwi chumvi nyingine. Ukali wa ndimu, ukwaju na embe bichi, pamoja na tangawizi na pilipili, ulifunika sehemu kubwa ya upungufu. Chumvi ya mboga tukaitia mwishoni, tukipunguza kidogo kidogo, kwa sababu ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa lakini hushtuka ukinyimwa kwa siku moja. Watoto walinung'unika kuhusu maharage, wakanyamaza, na sasa wao ndio wanaosema chakula cha hotelini kimezidi chumvi.

Kuhusu nafaka, nilimwomba anifundishe. Amekulia kijijini huko Muheza, ambako wali ulikuwa wa sikukuu na siku nyingine watu walikula bada, yaani ugali wa muhogo, au ugali wa dona kwa mboga ya majani ya mchunga, kisamvu, kunde na samaki mdogo. Maisha yalipoinuka familia ikahamia wali wa kila siku na sembe nyeupe, na kurudi nyuma kungeonekana mbele ya majirani kama kuanguka. Mimi kijana nikisema dona ina faida, kwa kuwa punje yake haikukobolewa na nyuzinyuzi zake zimebaki, ninasikika kama redio. Yeye akisema, "Hiki ndicho tulichokulia," hakuna anayedai kuwa tumefilisika. Tunasaga mahindi kidogo kidogo, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na unga wa dona huharibika upesi kuliko sembe. Wali umebaki, lakini si wa kila mlo, na mchunga umerudi hata kwa wale waliokuwa wakiukimbia kwa uchungu wake.

Sukari ilikuwa ngumu kuliko chumvi, kwa sababu sukari ni heshima. Kwetu chai hutiwa sukari ndani ya birika kabla haijafika kwa mgeni, na chai isiyokolea humfanya mgeni afikiri kwamba umembania. Tuliacha kuitia katika birika na badala yake tukaweka bakuli la sukari na kijiko katikati ya mkeka, na chai tukaipika kwa mchaichai, iliki na mdalasini hadi inukie. Mgeni anayetaka vijiko vinne anavitia mwenyewe, na hakuna aliyenyimwa. Jambo hili dogo lilinisaidia kuliko mawaidha yote niliyowahi kusikia, maana wageni wengi, wakijipimia wenyewe, hutia kiasi kidogo kuliko tulichokuwa tukiwatilia sisi. Utaratibu huohuo nikaupeleka kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambako maandazi na vitumbua sasa hupokezana na mihogo ya kuchemsha na matunda ya msimu.

Kwenye arusi na hitima sikutafuta kukataa, kwa sababu kukataa pilau ya mtu ni kumkataa yeye. Nilitegemea adabu ya sinia yenyewe. Kila mtu hula upande ulio mbele yake, kwa hiyo naketi palipo na kachumbari, natengeneza matonge madogo, na siwi wa kwanza kunyanyuka, maana mkubwa akiondoa mkono mapema wadogo nao huona haya kuendelea. Mkono unaokwenda na kurudi hauulizwi umebeba kiasi gani. Kabla ya kutoka nyumbani nakuwa nimekula kunde au tunda, na soda ninayopewa naichukua, nikampa mtoto aliye karibu. (Najua, sukari imehamia kwa mtoto, hilo bado natafuta namna yake.)

Nilipopungua mwili ndipo maneno yalipoanza. Kwetu mwanamke aliyenawiri ni ushahidi kwamba mumewe anamtunza, na kukonda kunabeba kumbukumbu mbaya tangu miaka ya 1980 na 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa hauna dawa na watu walikonda mbele ya macho yetu. Niliulizwa sokoni kama nina jambo. Mume wangu aliulizwa barazani, kwa mzaha usio mzaha. Tulikubaliana jibu moja, kwamba nina presha na nimeambiwa nipungue, tukalisema wazi kwa kila aliyeuliza, ingawa mimi kwa tabia si mtu wa kutangaza maradhi yangu. Hata hivyo aliyelimaliza jambo ni mama mkwe, aliyemjibu jirani mmoja mlangoni kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili: "Chakula chake nampangia mimi. Una swali?" Tangu siku hiyo majirani wawili wamekuja kumwuliza yeye, si mimi, jinsi ya kuloweka ng'onda.

Walikuwa na sababu ya kuuliza. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba takribani mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na kisukari kilikuwa karibu asilimia 9. Katika kikundi chetu kuna wanawake wengi wa umri huo, na wengi wao hupimwa presha wanapokuwa wajawazito tu. Tulimwalika muuguzi mmoja na mashine yake siku ya kukusanya hisa, kwa sababu siku hiyo hakuna anayekosa. Waliokutwa na presha walikwenda kituo cha afya wakiwa wawili wawili, na kwenda na mwenzako huondoa nusu ya woga.

Ramadhani inahitaji mpango wake. Nilikwenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, akanipangia upya saa za dawa zangu, jambo ambalo halifai kuamuliwa nyumbani. Tunafungua kwa tende na maji, tunaswali magharibi, kisha tunarudi kula, na nafasi ile ndogo katikati hupunguza pupa. Muhogo, majimbi na viazi vitamu tunavipika kwa tui jepesi, na kaimati za shira ni za Ijumaa. Lakini futari hutembea: jirani akikuletea bakuli hulirudishi tupu, na huwezi kumpangia cha kuleta. Tulichoweza ni kuchagua tunachopeleka sisi, papai na tikiti lililokatwa, au mbaazi za nazi zisizokolea chumvi. Mwaka jana na sisi tulianza kuletewa matunda.

Presha yangu sasa iko karibu na 130 kwa 82, bado nikitumia kidonge kimoja ambacho sina mpango wa kukiacha mwenyewe, na sukari kabla ya kula imeshuka chini ya 6.1. Mume wangu amepima mara moja, baada ya mama yake kumwamrisha. Kinachobaki mezani ni achari ya ndimu ya mama mkwe, ambayo ni chumvi tupu na ambayo hakubali iguswe. Tumefikia mapatano kwamba chupa haitoki kabatini isipokuwa kwa wali, na kwamba yeye ndiye anayegawa, kijiko kimoja kwa kila mtu. Hesabu ya kijiko chake mwenyewe nimeambiwa hainihusu.