Saa za mlinzi aliyecheleweshewa mpokezi

Mzee mmoja wa lindo la ghala, hapa Dar es Salaam, alikuja na hati yake ya mshahara mkononi. Nikamwamkia, akaketi. "Mwanangu," akasema, "anayenipokea huchelewa, nami siwezi kuacha geti. Mbona kadiri ninavyobaki ndivyo saa zangu zinavyopungua?"

Wakati huo nilikuwa natunza mfumo wa mishahara wa kampuni moja ya ulinzi. Nilidhani mzee amekosea hesabu. Nikafungua daftari la lindo: ameingia saa 12 jioni, ametoka saa 1:10 asubuhi. Kwenye kanzidata ya MySQL karani alikuwa ameingiza vizuri kabisa, 18:00 na 07:10. Saa zilizolipwa: 10 na dakika 50.

Kumbe muda wa kuingia na wa kutoka ulihifadhiwa kama TIME, saa bila tarehe. Ukiondoa 18:00 kwenye 07:10 unapata hasi, na aliyeandika kwiri ile, yaani amri ya kuvuta hesabu kwenye kanzidata, aliifuta alama ya hasi kwa ABS. Ubaya wake ni kwamba lindo la 18:00 hadi 06:00 linatoa 12 ukihesabu vyovyote vile, kwa hiyo kila aliyekagua aliona sawa. Mzee alistahili 12 na kuongezewa dakika 70. Mfumo ulimpa 12 na kumpunguzia dakika 70. Na aliyechelewa kuingia, akafika 19:00, akatoka 06:00, alihesabiwa saa 13 badala ya 11. Jambo hili liliniuma. Mtu anakesha kulinda mali ya watu, halafu uaminifu wake unamkata mshahara.

Kwa bahati jedwali lilikuwa na tarehe ya kuingia kwenye safu ya pembeni. Nikaunganisha tarehe na saa zikawa DATETIME, na pale saa ya kutoka ilipokuwa ndogo kuliko ya kuingia, au sawa nayo, nikaongeza siku moja kwenye kutoka. Kisha nikapima tofauti kwa dakika:

TIMESTAMPDIFF(MINUTE, kuingia, kutoka)

Hapa angalia mpangilio. TIMESTAMPDIFF inataka mwanzo kwanza, mwisho baadaye. TIMEDIFF na DATEDIFF, ambazo nazo hupima tofauti za muda na za tarehe, zinataka mwisho kwanza. Tena chukua dakika, ugawe kwa 60 mwishoni. Ukiandika HOUR, saa 12 na dakika 50 inarudi 12 tupu, na dakika hizo 50 zikijirudia usiku 6 ni saa 5 za mtu zimepotea. Kutoa DATETIME moja kwa nyingine kwa alama ya kutoa ndiyo usithubutu: kutoka 08:50 hadi 09:10 utaletewa 6000, maana MySQL inazigeuza namba za kawaida kwanza.

Nyongeza ya usiku nayo ilitaka hesabu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nikatumia GREATEST kuchukua muda wa baadaye kati ya kuingia na 20:00, na LEAST kuchukua wa mapema kati ya kutoka na 06:00 ya kesho yake, kisha nikapima tofauti ya hizo mbili.

Waliobaki ni walinzi waliounganisha malindo mpaka saa 36. Kwa hao kwiri haina la kufanya, kwa sababu 18:00 na 06:00 zinafanana iwe umekesha usiku mmoja au miwili. Mimi na mhasibu tulirudi kwenye madaftari, ukurasa kwa ukurasa, tukaandika tarehe ya kutoka kwa mkono. Ilituchukua wiki nzima. Usiku ule wa mzee sasa unasomeka dakika 790, na 600 kati ya hizo ni za usiku.