Fidla Zasema Alilonyamazia Mtu

Watu wengi wanaozitazama leo filamu za mapenzi na majonzi zilizotengenezwa Hollywood kati ya miaka ya 1930 na 1950 huwa na lalamiko moja linalotangulia mengine yote: muziki umezidi. Fidla hazinyamazi, wanasema, na kabla chozi la mwanamke halijadondoka okestra nzima huwa imeshalia kwa niaba yake. Mimi ni mpiga fidla katika kikundi cha taarab hapa Unguja, na lalamiko hilo limenichosha, kwani naona hutoka kwa watu waliousikia muziki huo bila ya kuusikiliza. Ninavyousikiliza mimi, ni muziki wenye subira kubwa, na kazi yake ni ya aina ambayo sisi tuliokulia kwenye mafumbo ya taarab tunapaswa kuielewa upesi kuliko wengine, nayo ni kulisema jambo ambalo mwenyewe hathubutu kulitamka.

Chukua All That Heaven Allows ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Douglas Sirk. Mjane aitwaye Cary Scott anapendana na mtunza bustani aliye mdogo kwake kwa umri na kwa hadhi, na mji mzima unamgeuka: marafiki zake wa klabu, majirani, hata watoto wake mwenyewe ambao wameshakuwa watu wazima. Mkaazi wa Mji Mkongwe hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Mwanamke anayesemwa mabarazani kwa sababu tu ameamua kuolewa tena tunamjua kwa sura. Cary ni mtu wa adabu, hujibu kwa upole, huitikia ayaambiwayo na hulimeza neno lake. Frank Skinner, mtungaji wa studio ya Universal, alijenga sehemu kubwa ya muziki wake juu ya kipande cha piano cha Liszt, Consolation ya tatu, kilichotungwa takriban karne moja kabla ya filamu, na piano hiyo ndiyo inayotwambia kinachoendelea nyuma ya tabasamu la mjane. Ukiuondoa muziki, utabakiwa na mwanamke mtiifu tu.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Laura, ya mwaka 1944. Mpelelezi wa polisi, anayeigizwa na Dana Andrews, anachunguza mauaji ya mwanamke ambaye picha yake kubwa imetundikwa sebuleni. Usiku mmoja anaingia peke yake katika nyumba ya marehemu, anazungukazunguka, anafungua droo, ananusa manukato, anafungua kabati la nguo, kisha anarudi tena kuitazama ile picha, na muda wote huo hasemi lolote la kueleza hali yake. Darryl Zanuck, mkuu wa studio ya 20th Century Fox, alitaka kipande hicho kifupishwe. Mtungaji wa muziki wa filamu hiyo, David Raksin, aliyekuwa na umri wa miaka 32 na bado hana jina kubwa, akaomba kiachwe kama kilivyo, kwa hoja kwamba muziki ungewafahamisha watazamaji kuwa askari huyu ameshampenda maiti. Otto Preminger, mwongozaji wa filamu, alikuwa na nia ya kutumia wimbo uliokuwapo tayari, Sophisticated Lady wa Duke Ellington. Raksin alibisha, akapewa siku za mwisho wa wiki tu alete kilicho bora zaidi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mahadhi yalimjia alipokuwa ameiweka juu ya piano barua ambayo mkewe alimwandikia kumuaga.

Mahadhi hayo huanza kama mtu aliyekwisha kuwa katikati ya mazungumzo, na filamu nzima imetegemea hayo karibu peke yake: utayasikia kwenye sahani ya santuri, utayasikia karamuni, utayasikia kwa okestra kamili, na kila yanaporudi huwa yamebeba jipya. Anayesema muziki wa zama zile ulikuwa ni wa kumwaga tu bila ya kipimo na aihesabu filamu hii mahadhi yake.

Rebecca ya 1940 nitaipitia kwa haraka, ingawa inastahili makala yake. Mwanamke ambaye jina lake limepewa filamu ameshakufa kabla kisa hakijaanza, na hatumwoni hata mara moja, si kwa sura wala kwa kivuli. Mtungaji wa muziki, Franz Waxman, ndiye aliyempa mwili. Alitumia, pamoja na okestra, kinanda cha umeme kiitwacho Novachord, ambacho wakati ule kilikuwa kipya kabisa, na sauti yake inayotetemeka ndiyo inayomfanya bi harusi mpya ahisi kwamba nyumba ina mwenyewe.

Huyu Waxman alifika Marekani baada ya kupigwa na wafuasi wa Hitler barabarani Berlin mwaka 1934. Erich Wolfgang Korngold, aliyekuwa akiitwa mtoto wa ajabu huko Vienna, alikuwa Hollywood akishughulikia muziki wa filamu ya Robin Hood mwaka 1938 wakati Austria ilipomezwa na Ujerumani, na kwa kuwa alikuwa Myahudi hakuwa tena na mji wa kurudi. Max Steiner, mzaliwa wa Vienna pia, alikuwa ametangulia zamani, mwaka 1914. Nayataja haya kwa sababu huniudhi kusikia muziki huu ukiitwa wa bei nafuu. Watu hawa walitoka katika miji ya opera, na walichokifanya ni kuihamishia opera kwenye filamu: kila mtu na mahadhi yake, kila pendo na mahadhi yake, na mahadhi hayo hubadilika kwa kadiri mtu anavyobadilika. Korngold hata alipotunga tamasha lake la fidla na okestra, lililopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947 na Jascha Heifetz, aliyachukua mahadhi ya filamu zake mwenyewe bila ya kuona haya. Mwenye fidla yoyote na alisikilize.

Sasa tuje kwenye vidole, kwani hapo ndipo penye utamu wenyewe. Wapiga fidla wa studio za miaka ile walikuwa bado na desturi ya kuteleza. Kidole hakirukii sauti inayofuata, bali huburuzwa juu ya uzi, na sikio husikia njia yote iliyopitiwa. Katika okestra kubwa za Ulaya na Marekani desturi hiyo ilififia kadiri miaka ilivyopita, mpaka ikahesabiwa kuwa ni kukosa ustaarabu. Kwetu haikufifia; mwanafunzi wa fidla ya taarab asiyejua kuteleza bado hajaanza. Ndiyo maana siku moja kabla ya mazoezi nilimsikilizisha maalim wangu kwenye simu kipande cha Wuthering Heights, muziki wa Alfred Newman wa mwaka 1939, bila ya kumwambia ni kitu gani.

“Wamisri hawa?” aliniuliza.

“La, maalim, ni Wamarekani.”

“Basi kidole chao kimefunzwa.” Akataka kirudiwe, akainua mkono kunizuia nisiseme. “Umesikia? Hawatelezi pote. Wanateleza pale sauti inapopanda tu, kisha wanaushika upinde, wanakunyima.”

Hilo la kunyimwa ndilo nililokuwa nikilitafutia maneno kwa muda mrefu. Newman, aliyesimamia idara ya muziki ya Fox kuanzia 1940 hadi 1960 na kupata tuzo tisa za Oscar, alisifika kwa fidla zake za juu, zinazosikika kama zimening'inia. Lakini ukifuatilia utakuta anaziweka akiba, anawaachia selo na pembe kazi ya kawaida, na fidla anazipandisha pale tu ambapo mtu kwenye filamu amefika mwisho wa uwezo wake wa kujizuia. Kiongozi wa wapiga fidla wa Fox alikuwa Felix Slatkin, na mkewe, Eleanor Aller, alikuwa mpiga selo mkuu katika okestra ya Warner Bros.; nje ya studio wawili hao walipiga pamoja katika kundi la watu wanne, Hollywood String Quartet, ambalo mabingwa wa muziki wa Beethoven na Brahms waliliheshimu. Hawa ndio waliokuwa wakipiga muziki unaodharauliwa.

Wala maalim hakukosea sana kudhani ni Wamisri. Filamu za Misri zilioneshwa sana katika majumba ya sinema ya hapa, pamoja na za Kihindi na za Kimarekani, na okestra zilizokuwa zikimpigia mwimbaji na mtungaji wa Misri, Mohammed Abdel Wahab, na wenzake ndizo zilizowatia hamu wazee wetu wa Malindi na Vuga kuongeza safu za fidla, selo na besi katika taarab. Abdel Wahab naye alikuwa amelitega sikio lake kwa okestra za Magharibi. Kwa hiyo undugu wa sauti hizi una njia yake inayofuatika, na mtu aliyekuwa akitoka sinema ya Majestic usiku kisha akaingia klabuni kusikiliza bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, hakuwa amevuka bahari.

Sitetei kila kitu. Steiner, ninayemheshimu, alikuwa na tabia ya kuifanya okestra iige kila kitendo: katika Of Human Bondage ya 1934 mtu anachechemea na muziki unachechemea naye, jambo ambalo mara ya kwanza linafurahisha na mara ya tatu linakera. Inasimuliwa kwamba mwigizaji Bette Davis, alipokuwa akitengeneza Dark Victory mwaka 1939 na kufikia onyesho la kupanda ngazi kwenda kufa, aliuliza kama atakayepanda ni yeye au ni Max Steiner. Swali lilikuwa la haki. Hata hivyo Steiner huyohuyo alipomtungia Now, Voyager mwaka 1942 alijua kukaa chini ya sauti yake bila ya kuifunika, na kwa kazi hiyo akapata Oscar.

Ufundi huu haukuuawa na ladha ya watu peke yake. Televisheni ilipunguza wateja wa sinema, studio zikagundua kwamba wimbo mmoja wa kuuzwa kwenye santuri unalipa kuliko okestra ya kudumu, na mgomo wa wanamuziki mwaka 1958 ukafuatiwa na kuvunjwa kwa okestra zilizoajiriwa na studio. Kuanzia 1972 kiongozi wa okestra Charles Gerhardt alizirekodi upya nyingi za kazi hizi mjini London akiwa na National Philharmonic Orchestra, na rekodi hizo zinapatikana kwa urahisi. Sauti yake ni safi na kubwa, na kwa anayeanza ni mlango mzuri. Mimi lakini hurudi kwenye filamu zenyewe, pamoja na mikwaruzo yake, kwa ajili ya vidole.

Kikundini tumeanza kulijaribu Laura. Fidla halikuzisumbua, akodiani imelipata, besi anasema ni la kustarehe. Aliyekasirika ni mpiga ganuni, kwa sababu mahadhi hayo huhama makao yake kila baada ya hatua chache, na yeye ana nyuzi zaidi ya sabini na vidude vya kupinduapindua kila sauti inapohama. Amesema mtungaji huyo hakupata kuonana na mtu mwenye ganuni. Tumekubaliana anyamaze mpaka ubeti wa pili, aingie pale tunapotulia, na sehemu zinazohama apokewe na udi.