Matanga ya Dani ndani ya brauza

Dani, nyanya yangu mzaa baba, alifariki Mei 2020. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, hakuna kutoka hakuna kuingia, kafyu saa moja jioni, na mazishi mwisho watu 15. Mwili ukapatiwa kibali ukapelekwa Siaya na baba na shangazi mkubwa na wachache wengine, sisi tukabaki huku. Mtu ameishi Kaloleni, mtaa wa hapa Nairobi, tangu alipoletwa akiwa bibi harusi, ua wake haukosi wageni hata siku ya mvua, halafu anazikwa na watu 15. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Wakati huo nilikuwa nasomea usanifu majengo, chuo kimefungwa, niko kwa nyumba na laptopu. Nina rafiki yangu msanii wa video na sauti, wale wa kurusha picha na projekta kwa kuta za majengo usiku, na yeye kazi zilikuwa zimekauka kabisa. Yeye ndiye alinionyesha Hubs ya Mozilla, kitu kilichotoka 2018, chumba cha 3D kinachofunguka kwa brauza hata ya simu, hudaunlodi chochote, unatumiwa tu linki kwa WhatsApp unaingia na avata yako, yaani kikaragosi kinachokuwakilisha, na maiki. Nikamwambia hapo hapo, tujenge ua wa Dani tufanyie matanga huko.

Darasani tulikuwa tumeonyeshwa mambo haya lakini kwa mbali. Tuliona Asymptote, wale wasanifu Hani Rashid na Lise Anne Couture, walivyolijengea soko la hisa la New York ukumbi wa 3D mwishoni mwa miaka ya 90. Tukasoma pia kuhusu Osmose ya Char Davies, 1995, ambayo unavaa kofia ya VR, ile yenye skrini mbele ya macho, na fulana ya kupima pumzi, ukivuta pumzi unapanda, ukitoa unashuka. Naipenda sana Osmose kwa sababu mwili wako ndio unaokupeleka, si kijiti cha mchezo. Ila hizo ni kazi za mashine za bei kali na mimi nilikuwa na shangazi mwenye simu ya kioo kilichopasuka na bando ya shilingi hamsini.

Kaloleni kama hujawahi kufika iko nyuma ya City Stadium, Jogoo Road. Ilijengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe na paa za vigae, kwa ule mpango wa Waingereza wa mji wa bustani, nyumba zikizunguka viwanja vya wazi, enzi ambazo nyumba nyingi za Waafrika Nairobi zilikuwa vyumba vya wanaume waliokuja kazi peke yao. Hapa angalau familia zilifikiriwa. Kwa hivyo kile kiwanja kati ya nyumba hakikuwa nafasi iliyobaki bure, hicho ndicho mtaa wenyewe, maisha yote yako pale nje, na mimi nilijua nikikosea upana wa ua basi hata nichore vigae vizuri namna gani sitakuwa nimejenga kwa Dani.

Nikaenda mchana na barakoa yangu na tepu, watoto wa jirani wakanishikia ncha ya pili. Nikapima kutoka mlango wa jikoni hadi kwa mti, kutoka mti hadi lango, urefu wa kamba ya nguo. Kuna jiwe moja pembeni mwa mlango limelainika na kung'aa, rangi ya samli, kwa sababu ya migongo ya watu walioliegemea miaka yote hiyo wakiongea na Dani akichambua mboga. Nililipiga picha kutoka kila upande mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa, ukijenga kitu cha kufunguka kwa simu ndogo unahesabu kila pembe ya modeli, maana ikiwa nzito simu inaganda na bando inaisha. Vigae vyote nikavifanya picha bapa tu. Madirisha, picha. Nyumba za majirani, maboksi yenye rangi. Uzito wote niliobaki nao nikaumalizia kwa lile jiwe na kiti chake kifupi. Rafiki yangu alitaka anga la nyota na uso wa Dani mkubwa ukielea juu, nikakataa, tukavutana usiku mzima. Tukavutana tena kuhusu mahali watu watatokea wakifungua linki. Yeye alisema katikati ya ua, bando ni ghali, wasipotee. Mimi nikasema nje ya lango. Mtu hadondoshwi katikati ya matanga. Akakubali shingo upande, akarudi kwa sauti zake, alikuwa amerekodi gari moshi ikipita na kuku wa jirani, na akapanga sauti ya mtu ififie kadiri unavyosogea mbali naye.

Jioni ile tukafungua. Chumba kilikuwa kinabeba watu 24, wengine ikabidi wangoje kwa lobi wakichungulia, watu wako Kayole, Kisumu, Mombasa, binamu mmoja yuko Marekani. Avata za Hubs wakati huo hazikuwa na miguu, zilielea na jina juu ya kichwa. Shangazi mdogo akatokea nje ya lango akasimama hapo. Hakuna kilichomzuia, lango lenyewe lilikuwa wazi. Nikasikia kwa maiki yake, "Hodi hapa!" Kimya, wa ndani walikuwa wamezima maiki. Akarudia. Mzee mmoja wa mtaa akahangaika na simu yake mpaka akaipata ile batani, "Karibu mama, karibu ndani," ndipo akaingia. Waliokuja baada yake wote wakabisha. Rafiki yangu akanitazama tu, hakusema kitu.

Na hakuna aliyewapanga lakini baada ya muda wazee wako chini ya mti na akina mama mlango wa jikoni, jikoni ambako hakuna moto wala sufuria. Ukitaka kusikia hadithi za huku unaachana na za kule, unatembea. Kwa zile simu za video za kazini mnaongea mmoja mmoja wote mnamsikiliza, huku kulikuwa na mnong'ono, kulikuwa na pembeni.

Nyimbo ndizo zilitusumbua. Intaneti inachelewesha sauti, mkiimba pamoja kila mtu anamfikia mwenzake nyuma ya mdundo, ikawa vurugu. Shangazi akasema basi aanzishe mmoja, wengine waitikie. Ikakubali! Kiitikio kilifika kikiwa kimetawanyika, kama watu wanaoitikia kutoka boma kubwa, na hakuna aliyejali. Binamu wa Marekani akaanza kupandisha picha za Dani kutoka simu yake, akaziweka moja moja kwenye kamba ya nguo, wengine wakaanza kutoa zao, picha za harusi, za kipaimara, moja ya Dani akiwa msichana ambayo baba yangu mwenyewe hakuwa ameiona.

Mozilla waliifunga Hubs tarehe 31 Mei 2024. Msimbo wake wa programu ni huria, yeyote anaweza kuuchukua, kwa hivyo tuliuhamishia ua kwenye seva yetu, rafiki yangu analipia nusu. Shangazi mkubwa aliporudi kutoka Siaya alizunguka humo muda mrefu kisha akanipigia, hakuulizia mti wala paa. "Mwanangu, bomba la maji liko wapi? Watu watasalimiana wapi asubuhi?" Lilikuwa nje ya kipimo changu, upande wa pili wa nyumba, kwa hivyo nimeongeza upande huo wote, na jirani naye anataka wa kwao uunganishwe hapo hapo.