Kabla Mama hajahamia kwa masista

Mjomba amekubali Mama, ambaye anapotewa na kumbukumbu, ahamie nyumba ya wazee ya masista. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mengine yote yangekuwa porojo. Kwetu sisi Wamakonde ukoo unahesabiwa kwa mama, na mwanamke ana kaka zake kabla hajawa na watoto. Wenzangu kazini, watu wa bara, wananishangaa: "Mama ni wenu, nyote watu wazima, mnamwomba nani ruhusa?" Tunamwomba mzee mmoja wa Newala mwenye baiskeli na redio, mdogo wake Mama, tumbo moja. Angesema hapana, hakuna hata mmoja wetu ambaye angethubutu kumpakia Mama kwenye gari.

Hakukubali upesi. Kikao kilikaa hapa kwangu Chikongola, Mtwara mjini, tangu asubuhi. Dada alikuja kutoka Tandahimba, Kaka alikuwa kwenye simu kutoka Dar, spika imewashwa, sauti inakatikakatika. Mjomba alisikiliza huku anazungusha kofia mkononi, halafu akasema, "Mpwa wangu, dada yangu hajafa. Mnaongea kama watu wanaogawana vyombo vya marehemu." Hakuna aliyejibu. Nikamwomba kitu kimoja tu, alale kwangu siku ile, chumba cha jirani na cha Mama. Asubuhi hakufungua mdomo mpaka alipomaliza chai na muhogo. Kisha akauliza, "Huko kwa masista, mlango wa nje wanaufunga usiku?" Lilikuwa swali la kwanza la maana tangu kikao kianze.

Alichokiona usiku ule ndicho tunachokiona kila usiku. Kwenye saa tisa Mama anaamka, anajifunga kanga kiunoni, anachukua ndoo na kuelekea getini. Anakwenda kuteka maji. Wasioijua Newala wataona ni wazimu, lakini kule juu ya uwanda wa Makonde mchanga unameza maji yote ya mvua, na chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Wanawake wa rika lake walikuwa wanashuka mteremko gizani ili wawahi foleni, kisha wanapanda na ndoo kichwani jua likichomoza. Siku hizi watu wanakwenda Newala kupiga picha pale Shimo la Mungu, wanasifu mandhari. Kwa Mama yale si mandhari, ni njia ya maji, na miguu yake haijaisahau.

Ukimwambia maji yapo bombani anakuwa mkali. "Bomba la nani?" Ukifunga geti kwa kufuli anagonga bati mpaka majirani wanaamka. Aliyepata dawa ni binti anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye hata darasa la saba hana muda mrefu amemaliza. Alijaza ndoo jioni, akaiweka kando ya kitanda, na Mama alipoamka akamwambia, "Bibi, nimeshateka." Mama akatumbukiza vidole, akahakikisha ni maji kweli, akamshukuru, akalala. Daktari hakutuambia hilo, wala sisi watoto hatukuliwaza.

Nikirudi kwa madaktari: kituo cha kwanza tulichokwenda walimpima presha na sukari, wakatuambia ni uzee tu, wakatupa vidonge vya usingizi. Vile vidonge vilimfanya aanguke chooni. Mwingine, kijana mtaratibu sana, alisema uzee si ugonjwa, na kwamba kusahau kwa namna hii ni ugonjwa wa ubongo. Kabla ya kuupa jina alitaka kwanza kuondoa yale yanayofanana nao na yanayotibika: tezi ya shingo ikilegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, maambukizi ya mkojo, hata sonona. Yote yalipoonekana hayapo akatueleza kuwa presha iliyokaa miaka bila dawa huenda imeziba mishipa midogo midogo ya ubongo, na pengine na ugonjwa wa Alzheimer umo. Hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Presha idhibitiwe, kishindo kipungue, aishi na watu wanaomjua.

Kipimo alichompa nilikipenda. Zamani nilisoma kwamba mgonjwa huambiwa achore saa ya ukutani, nikajiuliza Mama, ambaye hajawahi kushika kalamu isipokuwa kuweka alama kwenye kitabu cha chama cha msingi cha wakulima, atachora nini. Huyu alitoa kiberiti. Alisema kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya wazee wasiosoma, na kilifanyiwa kazi hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, ambako watafiti walipita vijijini wakakuta kati ya watu wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu wa kusahau. Kwa hiyo si Mama peke yake, na wala si jirani yetu wa kule kijijini aliyemfanyia jambo, kama mashangazi wanavyonong'ona. Daktari akapanga njiti mezani kwa umbo fulani, akamwambia Mama apange vile vile. Mama akazitazama, akaziokota moja moja, zake na za daktari, akazirudisha kwenye kasha, akanikabidhi mimi. "Utunze. Kiberiti hakiokotwi." Kwenye karatasi aliandikiwa sifuri. Mimi ningempa maksi.

Tulianza kwa kuuliza makazi ya wazee ya serikali. Afisa ustawi wa jamii alitupokea vizuri, ila alikuwa wazi: yale ni kwa wazee wasiojiweza na wasio na ndugu. Akatutajia Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, kwamba mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na kwamba wa kwanza kumtunza ni familia, makazi yanakuja mwisho kabisa. "Ninyi mko watatu na Mjomba yupo," akasema. Sikubishana. Lakini nilitoka pale nikiwaza kwamba hiyo familia inayotajwa kwenye sera, ukiitafuta saa tisa usiku, huwa ni mwanamke mmoja na binti wa kazi.

Kaka alipata nyumba ya kulea wazee huko Dar. Alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp: vigae vinang'aa, runinga kubwa, bustani, wauguzi wenye sare. Bei yake sitaitaja, nisije nikamtia mtu presha. Dada alivutiwa, na mimi kidogo. Kilichoniondoa huko ni kwamba Kiswahili kinamtoka Mama. Mwaka jana alikuwa anakichanganya, sasa akichoka hana kabisa, anabaki na Kimakonde cha utoto wake, kile cha ndani ambacho hata mimi niliyekulia mjini nakikamata nusu. Nilimpigia simu yule dada wa mapokezi, nikauliza kama kuna mfanyakazi hata mmoja anayejua Kimakonde. Akacheka kwa upole. "Tunaongea Kiswahili na Kiingereza, mama." Mzee asemayo njaa, choo na maumivu kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa, hata umlaze kwenye vigae vya dhahabu, yuko peke yake.

Ndipo tukafika kwa masista, njia ya kwenda Masasi. Ni nyumba ya kawaida, sakafu ya saruji, baraza refu, minazi miwili na mwembe, kuku wanaingia na kutoka wapendavyo. Wazee ni wachache. Sista anayesimamia ni Mngoni wa Songea, anajua salamu tu za Kimakonde, lakini mlezi wa zamu ya usiku anatoka kijiji cha pili kutoka kwa Mama. Alipomsalimia, Mama alimuuliza ukoo wake, wakapanga majina ya mabibi wao hadi wakakutana mahali. Nilikuwa nimesimama pembeni na mkoba wake wa nepi na dawa, nikaona uso umelegea. Siku hiyo hiyo niliacha kuangalia picha za Dar.

Suala la dini lilituumiza kichwa zaidi ya fedha. Mama ni Mwislamu wa swala tano, na siku hizi ni wa swala kumi, maana akimaliza adhuhuri anasahau kuwa ameswali, anarudi kutia udhu. Mashangazi waliuliza tunampelekaje kwenye nyumba yenye msalaba ukutani. Nilimwendea shehe wa msikiti wetu, tayari kusemwa. Alinikumbusha hadithi ya Mtume kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abalehe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Mama hana dhima ya swala tena. Akiswali mara kumi ni neema yake, asiposwali haandikiwi. Lililobaki ni juu yetu, kwamba ale halali na asitiriwe. Sista naye, nilipomweleza, alisema jikoni kwao nguruwe haingii kwa sababu wazee wengi wa pale ni Waislamu, na kuku anachinjwa na mzee wa jirani. Akaniuliza kibla kiko upande gani wa chumba, akaandika.

Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya jioni zote siku hizi, kuandika. Nimenunua daftari gumu, la kaunta, na ninamwandika Mama mle. Kwamba anywe uji wa mtama bila sukari, si wa sembe. Kwamba ukimkuta analia usimuulize kwa nini, mpe choroko au mbaazi azichambue, mikono ikipata kazi moyo unatulia. Kwamba sikio la kushoto halisikii, kaa kuliani. Kwamba akiita jina la dada yake aliyefariki, usimwambie amefariki, kwa sababu ataupokea msiba upya kila siku. Mwambie yuko shamba. Kwamba kuoga ni asubuhi, maji ya moto, na kanga ibaki mwilini mpaka mwisho, kwa kuwa aliyechezwa unyago enzi zile hamvulii nguo mgeni. Ndoo nimeiandikia ukurasa mzima. Tena ndoo yenyewe inakwenda, ile ya bluu yenye mpini uliofungwa waya.

Dada anasema hakuna atakayesoma yote hayo. Labda. Lakini sijui namna nyingine ya kumkabidhi mtu kwa watu.

Fedha, kwa ufupi: mikorosho ya Mama ndiyo itakayomlipia. Ada ni ya kila mwezi na korosho hulipa kwa msimu, mnada wa Oktoba mpaka wa Desemba au Januari, kisha kimya. Masista wamekubali tulipe kwa mkupuo baada ya malipo ya chama kuingia, na Kaka ajazilize miezi ya kiangazi. Salfa, dawa ya kupuliza mikorosho, na palizi zitasimamiwa na Mjomba, kwa sharti lake kwamba hata mti mmoja usiuzwe wala kuwekwa rehani. Kikwazo kipo benki. Akaunti ni ya Mama, na mwanasheria alituambia hati ya uwakilishi, ya kumruhusu mtu kutenda kwa niaba ya mwingine, inamtaka mwenye mali awe na akili timamu siku anayotia saini. Kwetu siku hiyo imeshapita. Inabidi twende mahakamani, na nimeshaambiwa nijiandae na subira. Wewe ambaye mzazi wako ndiyo kwanza ameanza kuuliza jambo moja mara tatu, zungumza na benki na mwanasheria kabla ya jambo lingine lolote.

Maneno ya watu yapo. "Wamemtupa mama yao kwa makafiri." Nimesikia sokoni, nimesikia hata kwenye harusi. Wanaosema ni wale wanaokuja Idd na kilo mbili za sukari, wanakaa robo saa, wanasema Bibi mbona anaonekana mzima. Na kweli mchana wa Idd huwa mzima. Sina cha kuwajibu zaidi ya chumba cha wageni, yeyote anakaribishwa kulala kama alivyolala Mjomba.

Neno lililonikata maini lilitoka kwa Mama mwenyewe, siku akili yake ilipokuwa imekaa sawa. Aliniona nakunja nguo zake. "Mnanihamisha tena?" Miaka ya 1970 walihamishwa kutoka kwenye mji wa bibi yake, wakapelekwa kijiji cha ujamaa, wameacha miembe na makaburi. Alikuwa binti mwenye mtoto mgongoni. Hakuulizwa. Nilimwambia ndiyo, Mama, tunakuhamisha, na nyumba ni ile ya masista uliyoiona. Akauliza kama kuna mwembe. Nikamwambia upo. Baada ya muda kidogo akaniita dada, akaniomba nimletee kuni.

Ndiyo maana tumegombana na Dada juu ya safari yenyewe. Yeye anataka tumwambie Mama tunakwenda kumjulia hali mgonjwa, aingie garini bila vurugu. La mama mdogo, yule dada yake aliyefariki, kuwa shamba nalisema bila kusita, maana linamwondolea msiba usio na faida. La kuhamishwa ni lake, linamhusu yeye, na aliwahi kufichwa mara moja. Tumekubaliana tutamwambia ukweli asubuhi ile ile, na njiani akiuliza tena tutamwambia tena, kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Mjomba atakaa naye kiti cha nyuma, upande wa kulia. Shemeji anatupa gari lake. Tunaondoka saa moja, ameshakunywa uji, kwa sababu baada ya alasiri hakuna anayemweza, na mlezi yule wa kijiji cha pili amebadilishana zamu na mwenzake ili atupokee mchana.